Paa kwanza, jipsamu baadaye

SERIKALI ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya mbao ilipaa na wajenzi wengi wakageukia bodi za jipsamu kwa dari zao. Ilitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, lakini jipsamu ingali inapendwa.

Kwa anayejenga Timau, Kaunti ya Meru, uamuzi huo wahitaji tahadhari. Mji huo umo miteremkoni mwa Mlima Kenya, na usiku wa baridi mvuke wa jikoni hugeuka matone chini ya mabati. Jipsamu ikilowa hulegea na kupinda.

Hivyo, kabla ya bei, mnunuzi aulize unene: bodi ya milimita 12 ni imara kuliko ya milimita 9. Bafuni na jikoni achague ile ya kijani, ingawa hiyo hustahimili unyevu tu, si paa linalovuja. Chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 chahitaji bodi tano za mita 1.2 kwa 2.4.

Muhimu zaidi, paa likamilike kwanza na matundu ya hewa yaachwe. Asiyezingatia hayo atabomoa dari masika yakifika. Rahisi, walisema wahenga, ni ghali.