Swali la Mbunge Lisizikwe Ndani ya Jalada

Kila Bunge la Bajeti linapomalizika mjini Dodoma, na wabunge wa Mkoa wa Kagera wanaporejea majimboni, huzuka swali moja katika vilabu vya Bukoba, katika mabasi yaendayo Muleba, na hata katika vyumba vya walimu: "Huyu naye ametuletea nini?" Swali hilo si baya. Ubaya umo katika jibu linalotarajiwa. Muulizaji hataki kuambiwa mbunge alisema nini juu ya meli, juu ya bei ya kahawa, wala juu ya zahanati za visiwani. Anangoja habari za mabati, za jezi za mpira na za mchango wa arusi. Mbunge aliyegawa mabati husifiwa kuwa ni mtu wa watu. Aliyesimama Bungeni akaihoji Serikali huambiwa kwamba ana mdomo tu.

Hiyo ni kasumba, na ni lazima ipigwe vita. Inamgeuza mwakilishi kuwa mfadhili na inamgeuza mwananchi kuwa ombaomba. Aidha, inawafungulia mlango wenye fedha. Kama kazi ya mbunge ni kugawa, basi anayefaa ni tajiri, naye mkulima mwenye kibanja chake na mwalimu mwenye mshahara wake hawana haki ya kuomba kura. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Ni ajabu kwamba zaidi ya nusu karne baadaye wapo wasomi wanaofikiri kwamba fedha ndiyo msingi wa uwakilishi.

Katiba ya mwaka 1977 haikuliacha jambo hili gizani. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inaliruhusu kumwuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake. Mbunge hana hazina, hana greda, hana meli. Hata Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa kuchochea tu kama jina lake lisemavyo. Kichocheo hakiwezi kuwa ndicho kuni na ndicho chungu. Profesa Anna Tibaijuka aliliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao makuu Nairobi, kwa miaka 10. Alipokuja kuwa Mbunge wa Muleba Kusini kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, hakuja na hazina ya Umoja wa Mataifa mkobani. Kama mbunge, alikuwa na silaha ile ile waliyo nayo wenzake wote: kusimama, kusema, kuuliza na kupiga kura.

Tena silaha hiyo si ngeni katika sehemu hizi. Mwalimu Barbro Johansson, Mswidi aliyefika Bukoba mwaka 1946 na kuongoza Shule ya Wasichana ya Kashasha, ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959 akiungwa mkono na TANU. George Kahama alitoka katika uongozi wa ushirika wa wakulima wa kahawa wa Bukoba, akawa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa nchi hii. Mmoja alitoka darasani, mwingine alitoka ghalani kwa wakulima. Hawakupelekwa kwenye Baraza kwa sababu ya ukwasi. Walipelekwa kwa sababu walijua taabu za watu na waliweza kuzisema mbele ya wenye madaraka.

Basi kama kusema ndiyo kazi ya mbunge, kwa nini maneno mengi yanayosemwa hayazai matunda? Hapa ndipo lawama inapopaswa kuondoka kwenye kiti cha mbunge na kwenda mahali ambapo watumishi wa umma hawapendi kutazamwa, yaani mezani pao wenyewe.

Itazamwe safari ya swali. Mbunge huliandika na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge. Linakwenda wizarani. Wizara, ikiwa haina habari kamili, huuliza mkoani. Mkoa huuliza wilayani. Wilaya humtafuta ofisa anayehusika. Ofisa huyo ndiye aandikaye maneno ambayo, yakishapanda ngazi na kusafishwa, Waziri huyasoma mbele ya taifa zima. Kwa hiyo anayemjibu mbunge wa Muleba mara nyingi ni mtumishi aliyeko Muleba. Akiandika kwa uvivu, Waziri husoma uvivu. Akiandika uongo, Waziri husema uongo bila kujua, na Bunge zima hudanganyika.

Na majibu ya kivivu yanajulikana kwa sura. "Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo." "Upembuzi yakinifu unaendelea." "Kazi itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana." Sentensi hizo zina adabu zote, ila hazina tarehe, hazina kiasi, na hazina jina la anayewajibika. Zinaweza kusomwa mwaka huu, zikasomwa mwaka ujao, na zikasomwa tena baada ya mbunge aliyeuliza kustaafu. Swali likishapewa jibu la namna hiyo huwekwa katika jalada, jalada hufungwa kamba, na kamba hiyo huwa ndiyo sanda yake.

Watu wa Bukoba na Muleba wanajua gharama ya jambo kuchelewa. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba, ikiwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama ilipokuwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi 800. Hakuna ukoo katika wilaya hizo usiojua msiba ule. Tangu siku hiyo, haja ya usafiri wa salama ziwani haikuwa hoja ya kubembelezewa. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilizidi kuchakaa hadi ikasimama, na msafiri akabaki na barabara ndefu ya kuzunguka ziwa kupitia Biharamulo na Geita. Meli hiyo ilirejea katika njia ya Bukoba mwezi Agosti 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Meli mpya ya MV Mwanza, yenye uwezo wa kuchukua abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Kutoka mwaka 1996 hadi 2020 ni miaka 24. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya msiba alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, labda mwalimu au karani, kabla ya meli ile kurudi Bukoba.

Watetezi wa urasimu wana hoja zao, na haki ni kuzisikiliza. Husema kwamba nchi hii si tajiri. Kwamba kila mkoa unalia. Kwamba mbunge mwingine huuliza ili aonekane tu katika televisheni. Hoja hizi zina ukweli ndani yake. Meli hainunuliwi kwa matamko. Lakini ufukara wa fedha haumlazimishi mtu kuwa fukara wa ukweli. Kama fedha hazipo, jibu la kiungwana ni kusema: mradi huu unahitaji kiasi fulani, umo katika nafasi fulani ya foleni, umetanguliwa na miradi fulani kwa sababu hizi, na utatazamwa tena mwaka fulani. Mwananchi akijibiwa hivyo anaweza kusubiri, kwa maana amepewa heshima ya mtu mwenye akili. Anayejibiwa kwa mafumbo hasubiri. Anakata tamaa, na mtu aliyekata tamaa ndiye anayerudi kuomba mabati.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba kila swali linangoja mamilioni. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Muleba mwaka 2006, ukaanza kuteketeza vibanja ambavyo ndivyo chakula na heshima ya kila nyumba ya Mhaya. Njia za kuuzuia hazikuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Mkulima alipaswa kufundishwa kuondoa ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuchoma panga kwa moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kung'oa ulioambukizwa. Kazi hiyo yahitaji bwana shamba atokaye ofisini. Mbunge akiuliza Bungeni juu ya migomba, nusu ya jibu ilipaswa kuwa imekwisha kutembea vijijini kwa baiskeli kabla swali halijafika Dodoma.

Ndivyo ilivyo kwa kahawa. Kwa miaka mingi wabunge wa Kagera wamepaza sauti juu ya bei duni, tozo nyingi na malipo yaliyochelewa. Kwa miaka mingi pia kumekuwa na butura, yaani mkulima kuiuza kahawa ikiwa bado maua mtini kwa mlanguzi mwenye fedha taslimu, na kumekuwa na magendo ya kuvusha kahawa kwenda Uganda. Wapo watumishi ambao kwao jambo hilo ni la polisi tu: kumvizia mkulima usiku na kukamata gunia lake. Ni wangapi kati yao waliopata kuandika katika taarifa zao kwa nini mkulima huyo anauza kabla ya kuvuna? Hauzi kwa sababu ya uhaini. Anauza kwa sababu karo ya shule ina tarehe, ugonjwa hauna tarehe, na malipo ya kahawa yake hayakujulikana tarehe. Hilo ndilo mbunge analolisema, na taarifa ya ofisa ikiwa kimya, Waziri naye atajibu swali jingine ambalo halikuulizwa.

Pasiwe na dhana kwamba sauti na mkono haviwezi kukutana. Tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016, liliua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Shule ya Sekondari ya Ihungo, iliyosomesha watu wengi wa nchi hii, ilibaki magofu. Ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza na kufunguliwa Januari 2021. Jambo lililosemwa, likakadiriwa, likapangiwa fedha na kusimamiwa, lilikwisha. Wananchi waliopoteza nyumba zao wanayo haki ya kuuliza kwa nini si kila jambo lililotokana na tetemeko lile lilishughulikiwa kwa uwazi huo huo.

Wabunge nao wasijifiche nyuma ya makosa ya maofisa. Yupo mbunge anayepewa dakika chache za kuchangia, akazimaliza kwa kushukuru na kupongeza, kisha akaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Yupo anayeuliza swali mara moja, akapata jibu jepesi, akakaa kama aliyetua mzigo. Pongezi si dhambi pale kazi inapofanyika, lakini hakuna aliyetumwa kutoka Kamachumu au Bumbire kwenda kupiga makofi. Mbunge anayestahili jina hilo huuliza, hushika jibu, huja nalo jimboni, hulisoma mbele ya wananchi na mbele ya mkuu wa wilaya, kisha mwaka unaofuata hurudi nalo Bungeni kama mdai arudivyo na hati.

Wapo pia watakaosema kwamba kudai mambo ya Kagera ni ukanda. Hawana haki. Meli ya Bukoba inamhudumia mtu wa Mwanza sawasawa na wa Muleba. Zahanati ya Goziba inamtibu mvuvi aliyetoka Mara. Umoja wa taifa haujengwi kwa kunyamazisha shida za mkoa mmoja. Hujengwa kwa kila mkoa kujua kwamba ukisema kweli utasikilizwa kwa kipimo kile kile.

Mzigo uliobaki ni wa wasomi wa ofisini na wa darasani. Ofisa anayeletewa swali la Bunge alipe siku yake yote, aende mahali panapohusika, aandike tarehe na tarakimu, na asione haya kuandika kwamba kazi haikufanyika. Mwalimu, ambaye katika kijiji ndiye anayesoma kwa sauti kwa niaba ya wengi, awafundishe wazazi na wanafunzi kwamba majadiliano ya Bunge huandikwa na kuhifadhiwa, kwamba ahadi ya Waziri ni mali ya umma, na kwamba katika mkutano mkuu wa kijiji inafaa kuuliza imefikia wapi.

Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, wakatumia makasia na mikono yao, nao waliookolewa wanaishi leo. Watu wa namna hiyo hawakosi moyo na hawaombi kubebwa. Wanachodai, kwa kinywa cha mbunge waliyemchagua, ni vyombo vya kufanyia kazi ambayo tayari wanaifanya kwa mikono mitupu. Ofisa atakayeletewa swali lao kesho asubuhi alifungue jalada, na asilifunge mpaka liwe na jibu lenye tarehe.