Mizani mbovu hufukuza wateja, hata katika michezo ya kompyuta

WAWEKEZAJI wadogo wanaotupia macho hisa za kampuni za michezo ya kompyuta inayochezwa kwa mtandao huuliza kwanza idadi ya wachezaji na mapato ya mwaka. Swali kubwa zaidi huachwa: je, kampuni hiyo inasimamiaje sheria zake?

Ndani ya michezo hiyo mna soko kamili. Mchezaji hukata miti, huchimba madini na kuwauzia wenzake kwa sarafu za mchezo. Anayetumia programu ya pembeni inayomchezea usiku kucha akiwa amelala hujaza soko, hushusha bei na kupoteza jasho la wengine. Hana tofauti na muuzaji aliyechezea mizani.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, yenye mchezo wa RuneScape. Kufikia mwaka 2007, walanguzi walikuwa wakiuza sarafu za mchezo kwa fedha halisi, na baadhi yao walilipia akaunti kwa kadi za benki za wizi. Wenye kadi walipodai fedha zao, hasara iliirudia kampuni. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, Jagex ilichukua hatua kali. Mchezaji hakuweza tena kumpa mwenzake mali bila kupokea kitu cha thamani inayokaribiana, na katika soko kuu bei ilibanwa isizidi asilimia 5 juu au chini ya bei iliyowekwa.

Walanguzi walibanwa kweli, lakini waliobanwa pamoja nao ni wateja waaminifu. Wengi walilalamika na baadhi wakaacha kulipa ada. Baada ya kura ya wachezaji, biashara huria ilirudishwa Februari 2011. Roboti nazo zikarudi kwa wingi, hata Oktoba mwaka huo kampuni ikatangaza kufunga akaunti milioni 1.5 kwa siku moja.

Funzo ni kwamba ghala halichomwi kwa sababu ya panya, wala panya hawaachwi wazaane hadi siku ya msako. Usimamizi wa sheria ni gharama ya kila siku, kama mlinzi wa duka.

Mahakama nazo zimesaidia. Nchini Marekani, Blizzard, wenye mchezo wa World of Warcraft, walipambana na kampuni ya MDY iliyouza programu ya Glider kwa dola 25. Desemba 2010 mahakama ya rufani iliamua kwamba kuvunja masharti ya mchezo peke yake si lazima kuwe kuvunja hakimiliki. Lakini kuuza chombo cha kukwepa ulinzi wa mchezo ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1998. Uamuzi huo ni wa busara, maana unamlenga muuza chombo.

Wapo wanaosema kwamba mteja amelipa, na kompyuta ni yake. Hoja hiyo ina uzito. Anayefungiwa kwa makosa hupoteza mali aliyoikusanya kwa miaka. Ndiyo maana sheria ziwe wazi na rufaa isikilizwe na mtu, si mashine.

Lakini kwa mwekezaji hatari kubwa iko kwingine. Roboti nazo hulipa ada, na huhesabiwa kama wateja. Kampuni yenye tamaa inaweza kufumba macho ili hesabu zipendeze. Kampuni ya CCP ya Iceland haikufanya hivyo: mwaka 2009 ilifunga akaunti zaidi ya 6,000 zilizokuwa zikilipia mchezo wa EVE Online.

Basi kabla ya kununua hisa, ni vema kuuliza ni akaunti ngapi zilifungwa, kwa kosa gani, na ni rufaa ngapi zilikubaliwa. Kampuni inayoficha majibu hayo inauza idadi ya wateja ambayo huenda yenyewe haiiamini.