Ngao ya kuazima haitoshi: tai wa madeni na shaba yetu

Wandugu vijana wa Kolwezi, wa Likasi, wa Lubumbashi na popote muko,

Naandika hii kwa simu yenye chaji kidogo. Umeme umekatika kwetu Manika tangu mchana, na mama anapika bukari kwenye makala. Niko na lisansi ya sheria, na huu ni mwaka wa pili niko nyumbani. Muda ninao. Nimeutumia kusoma hukumu mbili za tribinali za ng'ambo juu ya pesa za shaba ya hapa kwetu, na nimeona ni lazima tuzungumze, juu ni mfuko wetu sisi wote.

Hadithi inaanza na umeme. Miaka ya 1980, Zaire ya Mobutu na shirika lake la umeme walisaini mikataba na Energoinvest, kampuni ya Sarajevo katika Yugoslavia ya zamani, ili iwajengee mitambo na nyaya za umeme mkubwa. Kazi ilikuwa ya mkopo, na mkopo haukulipwa. Mei 1997 Mobutu akakimbia, Zaire ikawa Kongo. Yugoslavia yenyewe ikavunjika. Lakini deni halikufa na mtu yeyote. Mwaka 2003 waamuzi wa Chumba cha Biashara cha Kimataifa walisema Kongo ilipe. Mwaka 2004 Energoinvest ikauza haki yake kwa kampuni ya Marekani inayoitwa FG Hemisphere.

Kampuni za namna hiyo, watu wanaziita tai. Tai hakujenga hata nguzo moja. Ananunua deni la zamani, deni ambalo mwenyewe amechoka kulidai, kisha anadai lote pamoja na riba ya miaka yote. Hili letu lilipita dola milioni 100. Na tai haji kudai Kinshasa. Anatafuta mali ya inchi iko wapi nje: akaunti, hisa, nyumba, malipo yaliyo njiani.

Akaona malipo yaliyo njiani kutoka China. Mwaka 2008 serikali ilisaini mkataba wa Sicomines, na mgodi wake tunaujua, uko hapa hapa Kolwezi. Makampuni ya China yalipaswa kulipa pesa za kuingilia, zile tunaita pas-de-porte. Tai akakimbilia Hong Kong akaomba tribinali izikamate kabla hazijafika. Kesi ikapanda mpaka tribinali ya juu kabisa. Tarehe 8 Juni 2011 majaji 3 kati ya 5 walisema: Hong Kong inafuata msimamo wa Beijing, na kwa Beijing inchi ya kigeni haishitakiwi. Wakauliza Beijing ithibitishe, na Agosti mwaka ule ule ikathibitisha. Kongo ikashinda.

Tai huyo huyo alikuwa pia Jersey, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa chenye sheria zake. Huko alikamata hisa za Gécamines katika kampuni iliyosajiliwa kule kwa ajili ya terril ya Lubumbashi, ule mlima mweusi kila mtu anaujua. Alisema Gécamines na serikali ni kitu kimoja, basi mmoja alipe deni la mwingine. Majaji wa Jersey walimkubalia. Gécamines ikakata rufaa London, na tarehe 17 Julai 2012 hukumu ikageuka: Gécamines ni kampuni yenye mali yake na hesabu zake, deni la serikali si lake.

Sasa angalieni vizuri. Hong Kong tulisema: hii ni ya Dola, musiiguse. Jersey tulisema: hii si ya Dola, musiiguse. Tulishinda pande zote mbili, na mimi nilifurahi niliposoma. Lakini nikajiuliza: hizi ngao mbili ni za nani?

Ya kwanza ilikuwa ya Beijing, na mwenyewe ameshaichukua. Tangu tarehe 1 Januari 2024 China iko na sheria mpya inayoruhusu inchi ya kigeni kushitakiwa kwa mambo ya biashara, na katika hali fulani mali yake ya biashara kukamatwa. Kile kilichotuokoa 2011 hatuwezi kukitegemea tena. Na pesa za shaba na kobalti yetu bado zinapita njia ya China.

Ngao ya pili ni yetu, lakini iko mikononi mwa watu wanaoitoboa. Majaji wa London waliuona mkono wa serikali ndani ya Gécamines. Walisema tu kwamba hautoshi kufanya viwili kuwa kimoja. Kwa hiyo kila mara mkubwa anapoigeuza Gécamines mfuko wake, anampa tai wa kesho ushahidi. Tukidai Gécamines iongozwe kama kampuni, si siasa tu. Ni ulinzi wa mali.

Wengine watasema: deni ni deni, mulipe. Nawaelewa. Aliyejenga alistahili kulipwa. Lakini hizi pesa hazikuwa zinaenda kwa fundi wa Sarajevo. Na dunia inajua kusamehe ikitaka. Saddam alipoanguka 2003, Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio 1483, na pesa za mafuta za Irak zikakingwa dhidi ya wadai ili inchi ijengwe. Mobutu alipoanguka, nani alitukinga? Tulingoja mpaka 2010 kufutiwa madeni ya zaidi ya dola bilioni 12, na hata hapo tai hakulazimika kusamehe kitu.

Wengine watasema: hizo pesa mulizoziokoa, ziko wapi? Hapo siwezi kubisha. Februari 2023 wakaguzi wa serikali yenyewe, IGF, walisema barabara na majengo tuliyopata kwa mkataba wa Sicomines ni ya dola milioni 822 tu, wakati tuliahidiwa bilioni 3. Kufukuza tai mlangoni haitoshi kama ndani panya wanakula. Lakini panya tunaweza kumfuata sisi wenyewe, hapa. Tai akishachukua, imekwenda.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, kila mkopo na kila mkataba wa madini utangazwe kabla ya sahihi, pamoja na kile kipengele kidogo ambamo serikali inakubali kushitakiwa ng'ambo. Humo ndimo tai anaingilia.

Pili, hesabu za Gécamines zitolewe kila mwaka, na maagizo ya serikali kwake yawe ya maandishi.

Tatu, bunge lipewe orodha ya mali yote ya inchi iliyo nje. Huwezi kulinda kitu hukijui.

Nne, serikali yetu izungumze na inchi ambako pesa zetu zinapita ziweke sheria kama ya Ubelgiji ya 2015: aliyenunua deni kwa bei ya kutupa asipate zaidi ya alicholipa. Uingereza nayo iliweka yake 2010 kwa madeni ya inchi maskini. Inawezekana.

Sisi tuliozaliwa baada ya Mobutu hatukusaini kitu na Energoinvest, lakini pesa zetu ndizo zilifuatwa. Sasa hivi kuna sahihi zinatiwa Kinshasa kwa jina letu. Watoto watakaozaliwa Kasulo na Musonoi mwaka huu watakuwa na umri wangu siku tai atakapobisha hodi.

Andika kwa mbunge wako. Uliza mkataba uko wapi. Ukijibiwa ni siri, rudi na wenzako kumi muulize tena.

Simu inazima. Tuonane barabarani.