Mazungumzo ya Nyumbani: Je, Mume Wangu Aende Mkutano wa Walevi?

Mwezi huu imetufikia barua ya mama mmoja, naye atuomba tusitaje jina lake wala mji wake. Aandika hivi: "Mume wangu ni Mkristo, nami nampenda. Mara tatu ameapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba hatakunywa tena, na mara tatu ameanguka. Sasa ametengwa na Meza ya Bwana. Daktari amemwambia mjini kuna mkutano wa walevi, aende. Wazee wasema, Wa nini huo, naye ana kanisa? Nifanyeje?"

Mama, jibu letu ni hili: aende. Lakini wazee wako wastahili heshima, kwa hiyo na tueleze sababu.

Mikutano hiyo ni ya chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina, nacho kilianza Marekani mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa New York, alikuwa mlevi kabisa, akaacha kunywa Desemba 1934. Kwa muda wa miezi mitano akawafuata walevi wengine akiwahubiri kwa bidii, wala hapana hata mmoja aliyeacha. Twapenda wazee walisikie neno hilo. Ila yeye mwenyewe, alipokuwa akishughulika na wenzake, hakunywa.

Mwezi wa Mei 1935 alisafiri kwenda mji wa Akron, katika jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara, nayo ikaharibika. Akawa peke yake hotelini, na karibu naye watu wanakunywa na kucheka. Akaona ya kuwa yu karibu kuanguka. Basi akaiendea simu, akatazama orodha ya makanisa, akampigia kasisi mmoja, Walter Tunks, akiomba aonyeshwe mlevi wa kuzungumza naye. Hakuomba mtu wa kumwonya, aliomba mlevi! Kasisi yule hakumkemea, bali alimpa majina ya watu wa kuwauliza, na kwa njia hiyo Bill akakutana na Bob Smith, daktari wa upasuaji, ambaye ulevi ulikuwa ukimharibia kazi yake. Daktari alikuja shingo upande, akasema atakaa robo saa tu. Wakazungumza saa nyingi hata usiku, maana alisikia mambo yake mwenyewe kinywani mwa mtu aliyeyapitia.

Hata hivyo, baada ya majuma machache alikwenda mkutano wa madaktari, akalewa tena. Akarudi kwa mwenzake, na tarehe 10 Juni 1935 akanywa mara ya mwisho. Siku hiyo ndiyo wanayoihesabu kuwa kuzaliwa kwa chama. Basi, mama, mume wako si wa kwanza kuanguka.

Labda yeye aogopa kuliko wazee. Na ajue atakayoyakuta: chumba, viti, mara nyingi na chai. Mmoja husoma maneno machache, kisha mwenye kutaka husema jina lake la kwanza, na kwamba yeye ni mlevi, na habari zake. Wengine husikiliza bila kumkata maneno. Mgeni aweza kukaa kimya mpaka mwisho. Hakuna ada, kikapu hupitishwa, asiye na kitu asitoe. Analotakiwa kuwa nalo ni moja tu, nia ya kuacha. Yanayosemwa humo hayachukuliwi nje. Iko mikutano ya wazi, ambayo nawe waweza kuingia, na ile ya wenye shida hiyo peke yao. Mkutano mmoja hautoshi. Mahali pengi mgeni huambiwa aje siku 90 mfululizo. Tena na atafute humo mtu wa siku nyingi awezaye kumwita usiku, kiu inapomshika.

Kuupata si kazi kubwa. Na amwulize daktari yule saa na mahali, au atafute katika intaneti jina la chama pamoja na la mji wake. Palipo mbali, iko mikutano ya kwa simu na intaneti.

Neno moja la hatari, nasi twalisisitiza. Aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafula peke yake. Mwili waweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Daktari amtazame kwanza.

Sasa twarudi kwa wazee. Chama hiki si kanisa wala hakishindani nalo. Mwanzoni walikutana pamoja na Wakristo wa Oxford Group, kisha wakajitenga ili mlevi wa imani yo yote asizuiwe. Humtaja Mungu, kila mtu kama amjuavyo. Mahali pengi hukutana katika vyumba vya makanisa, na sisi twaona aibu kwamba chumba chetu cha Shule ya Jumapili hukaa kitupu siku sita. Kumtenga mtu na Meza ni rahisi kuliko kumfungulia mlango.

Nawe, mama, usijisahau. Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill, pamoja na mwenzake mmoja walianzisha Al-Anon, mikutano ya jamaa za walevi. Ulizia.

Siku ya kwanza mfuate mumeo hata mlangoni, kisha mwache aingie. Usimwulize njiani kumesemwa nini. Nasi twangoja barua yako.