Ushauri wa kitaluni

Mvua za Novemba zikikaribia, vitalu vya nyanya na biringanya huchipua nyuma ya nyumba zetu hapa Kabungu. Hunisikitisha kuona jirani akitazama miche ya mwenzake ikilala kwa kinyausi, naye amenyamaza. Ugonjwa huu huletwa na kuvu ya udongoni, nayo hustawi penye maji mengi na miche iliyosongamana. Kusema neno moja kungetosha: punguza miche, mwagilia asubuhi. Wengine hudai kuwa ujuzi ni mtaji wa mtu. Sikubaliani nao. Mwaka jana nilipoteza kitalu kizima cha kabichi kwa kumwagilia kila jioni. Aliyejua kosa langu alikuja miche ikiwa imekwisha kuoza, akasema aliona haya kumfundisha padre.