Kabla ya Kusafisha Utumbo, Pima Figo

Mgonjwa wa Bariadi, mkoani Simiyu, anayepewa rufaa kwenda Mwanza kupimwa utumbo mpana kwa kamera husisitiziwa afike na tumbo tupu. Rufaa hiyo ingepaswa pia kubeba majibu ya figo zake. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliripoti wagonjwa 21 walioharibika figo baada ya kusafishwa utumbo kwa dawa ya sodiamu fosfeti. Vinyama vya figo vilipochunguzwa, mirija yake midogo ilikutwa na chembe za kalsiamu fosfeti. Wanne waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Waliobaki walipata udhaifu sugu wa figo. Mwaka 2008 Marekani ikaagiza dawa hizo zibebe onyo kali. Sababu inaeleweka: fosfeti hupanda kwenye damu wakati uleule kuharisha kunakausha mwili, mkojo unakuwa mzito, na fosfeti hiyo huungana na kalsiamu ikaganda ndani ya figo.

Walio hatarini zaidi ni wazee, wenye figo dhaifu, na wanaotumia diklofenaki au baadhi ya dawa za presha. Mkulima wa pamba anayemeza diklofenaki ya dukani kwa ajili ya mgongo huenda asiitaje kabisa, maana kwake hiyo si dawa ya kuandikiwa. Akinywa dawa ya kusafisha tumbo kisha akapanda basi la kupitia Lamadi na Magu, atajinyima maji ili asilisumbue gari kila mara kwa kuchimba dawa. Hapo ndipo figo hukauka.

Wapo watakaosema madhara haya ni nadra, na kwamba dawa mbadala, polietilini glaikoli, huhitaji kunywewa hadi lita nne, kazi inayowashinda wengi. Ni kweli. Lakini lita hizo zinaweza kugawanywa, nusu jioni na nusu alfajiri, ilhali figo iliyokufa hairudi. Wengine watahofia kwamba tahadhari itawafanya watu wakikimbie kipimo kinachogundua saratani mapema. Tahadhari haizuii kipimo, inachagua dawa. Kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, hupimwa kwa damu kidogo, na gharama yake haikaribii hata kidogo ile ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo fomu ya rufaa ya Simiyu ionyeshe kreatinini na dawa zote anazotumia mgonjwa, fosfeti isitumike kwa walio hatarini, na wa mbali aanze maandalizi akiwa ameshafika Mwanza.