MAKABURI YA NGUZO NI USHAHIDI WETU

Ndugu msomaji, hebu siku moja nenda Gede usimame mbele ya kaburi lenye tarehe: 802 Hijria, yaani 1399 Miladi. Vasco da Gama alitia nanga Malindi 1498. Sasa nani mgeni hapa?

Malindi mjini na Takwa, kisiwani Manda, yako makaburi ya nguzo, ya matumbawe na chokaa. Pwani hii, mengine yalipambwa hata kwa bakuli za Kichina. Hakujengewa kila maiti. Ni alama ya wakubwa wa mji na koo zao.

Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 1908. Asiyeandikisha dai lake, ardhi ikahesabiwa ya Serikali ya mkoloni. Mpaka leo wajukuu wanaitwa maskwota karibu na makaburi ya babu zao.

Hatusemi makaburi yaabudiwe, la! Tunasema yasivunjwe kupisha ploti. Kaa na wazee, andika nani kalala wapi, piga picha, peleka Makumbusho ya Taifa na Tume ya Ardhi. Nguzo ikianguka, shahidi wako amekufa.